Chupa zetu za mkojo ziko wapi?



Jumapili iliyopita tulikutana tena katika parcelle moja hapa Kabondo, sisi wa sendika pamoja na wake zetu, juu ya jambo moja lenye linatuuma tangu mwaka jana. Wageni walikuja katika chimbo moja la dhahabu upande wa Bafwasende. Walikuja na gari, na sanduku la barafu, na chupa ndogo za plastiki. Walisema wanataka kupima zebaki, ile dawa yenye tunaita mercure, ndani ya mwili wa mchimbaji. Watu 42 walikubali. Kila mmoja alikojoa katika chupa, akatia sahihi kwenye mukanda, wengine wakakatwa hata nywele kidogo. Wageni wakasema aksanti, wakaondoka.

Mpaka leo hakuna mtu hata mmoja kati ya hao 42 aliyepata jibu. Hatutataja jina la wale waliokuja, juu hatutafuti kesi. Tunatafuta majibu. Na tena tunataka kila mchimbaji ajue mambo haya vizuri, ili siku wengine wakija na chupa zao, tujue maswali ya kuuliza.

Tuanze na zebaki yenyewe. Wote tunajua vile inafanya kazi. Unamwaga kidogo ndani ya karai, unakanda na mchanga mweusi, inakamata dhahabu, inakuwa donge. Halafu donge linawekwa juu ya moto, zebaki inatoka kama moshi usioonekana, dhahabu inabaki. Mahali pengine moto huo ni mbabula ileile ya kupikia sombe. Mama yuko pembeni, mutoto yuko mgongoni.

Watu wanasema: "Tumeishika na mikono miaka kumi, hakuna kitu imetufanya." Kwenye mikono, ni kweli hatari yake si kubwa sana. Hata ukimeza zebaki ya maji kwa bahati mbaya, karibu yote inatoka chooni. Ubaya mkubwa uko katika ule mvuke. Wanasayansi wamehesabu kwamba katika mvuke wa zebaki wenye mtu anavuta, karibu robo tatu inabaki mwilini. Inaingia kwenye mapafu, inapita kwenye damu, inakwenda kwenye figo na kwenye ubongo. Kisha mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, hasira inaongezeka, mtu anasahau maneno. Hapo jirani wanaanza kusema amerogwa, au ni pombe.

Walijuaje kama robo tatu inabaki? Hapa njo tunafika kwenye jambo lenye tulitaka kuwaeleza, juu ni akili ambayo mchimbaji anaweza kuifahamu vizuri kabisa.

Ukitaka kujua kifuko chako cha mchanga kinapita wapi, unafanya nini? Unakifunga na kitambaa chekundu. Vifuko mia vinafanana, lakini chako kina alama, na utakitambua kwa negosia hata usiku. Wanasayansi wanafanya hivyohivyo na kitu kidogo kuliko vumbi. Wanachukua dawa fulani, wanaingiza ndani yake atomi yenye kutoa mionzi. Dawa inabaki ileile, mwili unaipokea vilevile, lakini sasa ina alama. Mashine ya kuhesabu mionzi inaweza kusema: iko hapa kwenye ini, iko hapa kwenye kichwa, imebaki kiasi hiki.

Kwa vitu vya mimea na wanyama, alama yenye inatumiwa sana ni kaboni 14. Kaboni ya kawaida ina uzito wa 12, hii ina 14. Kwa zebaki walitumia zebaki 203, ambayo mionzi yake inapungua nusu kila siku 47 hivi. Kule Sweden na Finland, mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, watu wachache waliojitolea walikunywa au kula kiasi kidogo sana cha zebaki ya samaki yenye alama hiyo. Wakalazwa ndani ya mashine ya kuhesabu, siku baada ya siku. Wakaonekana kwamba mwili unachukua siku 70 na kitu ili kutoa nusu ya zebaki hiyo. Watu wengine, Marekani, walivuta mvuke wa zebaki yenye alama, na matokeo yao yalitangazwa mwaka 1976. Kwa mvuke, nusu inatoka katika muda wa siku 58 hivi.

Shikeni hizo hesabu mbili. Tutarudi kwao.

Tumesema "zebaki ya samaki". Ni nini hiyo? Zebaki yenye tunamwaga mtoni pamoja na maji machafu haikai vile ilivyo. Inashuka kwenye matope. Kule, vijidudu vidogo vinaifunga na kaboni, inakuwa kitu kingine chenye kuitwa metili-zebaki. Hiyo inaingia kwa urahisi ndani ya kila chenye uhai. Mdudu anaila, samaki mdogo anakula mdudu, samaki mkubwa anakula samaki wadogo mia, na sisi tunakula samaki mkubwa. Kila hatua sumu inaongezeka. Katika mji wa Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu hiyo ulitangazwa mwaka 1956: kiwanda kilimwaga metili-zebaki baharini, wavuvi na watoto wao wakapooza, na wengi wakafa.

Mto Lindi unapita Bafwasende, unashuka mpaka unaingia kwenye mto mkubwa karibu na Kisangani hapa. Basi zebaki yenye inamwagwa kule juu si shida ya watu wa kule peke yao. Ni shida pia ya mama mwenye kununua samaki sokoni hapa Kabondo, ambaye hajawahi kukanyaga chimbo hata siku moja.

Lakini utajuaje kama zebaki yenye iko ndani ya samaki ni ile ya chuma, au ni metili-zebaki? Kwa macho huwezi. Mashine ya kuhesabu mionzi nayo haiwezi, juu zebaki ya mto wetu haina mionzi. Alama ile ni ya majaribio peke yake. Hapa mashine mbili zinashikana mikono.

Ya kwanza inaitwa kromatografia ya gesi. Ni bomba jembamba kama uzi, linaweza kufika metre 30, limezungushwa kama nyoka ndani ya tanuru. Unatia tone la kitu chenye unataka kupima, joto linakigeuza kuwa gesi, na gesi nyingine, mara nyingi heliamu, inakisukuma. Ndani ya bomba kuna mafuta mepesi yenye kushikashika vitu vinavyopita. Kitu kisichoshikwa sana kinatoka mbele, chenye kushikwa sana kinatoka nyuma. Ni kama ubao wetu wa kuoshea: maji yanasukuma, zulia linashika, na kila kitu kinafika chini kwa wakati wake. Tofauti ni kwamba bomba hilo linatenganisha vitu vyenye sisi hatuwezi kuona.

Ya pili inaitwa spektrometria ya masi. Hiyo ni mizani. Kila kitu kinachotoka kwenye bomba kinavunjwa vipande, na kila kipande kinapimwa uzito. Kila kitu kinavunjika kwa namna yake, kama vile kila mtu ana alama zake za vidole. Zebaki haijifichi mbele ya mizani hiyo, juu atomi zake haziko za uzito mmoja. Kuna za 198, 199, 200, 201, 202, 204, zote pamoja kama familia. Mashine ikiona familia hiyo imeshikamana na kipande kidogo cha kaboni, inasema: hii ni metili-zebaki.

Wasweden njo waliofanya kazi hiyo. Bibi mmoja mwanakemia, Gunnel Westöö, alionyesha mwaka 1966 kwa kromatografia ya gesi kwamba zebaki ya samaki wa kwao karibu yote ni metili-zebaki. Mwaka 1970, yeye na wenzake wakathibitisha kwa kuunganisha bomba na mizani. Na kama mtu ametumia dawa yenye alama ya mionzi, anaweza kugawa gesi njiani: sehemu moja inakwenda kwenye mizani, inasema ni kitu gani, sehemu nyingine inakwenda kwenye kihesabu cha mionzi, inasema kama kina alama na ni kiasi gani. Mashine moja inajibu "ni nani?", nyingine inajibu "ni ngapi?". Ukiwa na jibu moja peke yake, bado hujui.

Sasa mtatuuliza: mambo hayo ya Wasweden yanatusaidia nini sisi wa Kabondo?

Yanatusaidia kwanza kuelewa kwamba hakuna mashine moja yenye kupima vyote. Mukubwa akija na kifaa chenye kulia "tiki tiki", akikizungusha juu ya udongo wenu, akasema "hakuna mionzi, muko salama", amesema ukweli nusu. Kifaa hicho hakioni zebaki hata kidogo. Akija mwingine kupima mkojo peke yake, ataona vizuri zebaki ya mvuke, lakini metili-zebaki ya samaki haitoki sana kwa mkojo. Hiyo inatafutwa kwenye damu na kwenye nywele. Nywele zinaota sentimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo nywele ya mama ni kama daftari: mwezi huu imeandikwa hapa, miezi sita iliyopita imeandikwa kule mbele. Na mashine yenye kupima kobalti na urani kwenye mkojo ni ndugu wa ile mizani, lakini haipitishi kitu kwenye bomba la gesi, inakichoma kwanza kwa moto mkali kupita kiasi. Kila sumu ina mlango wake. Tukiambiwa "tumepima", tuulize: mumepima nini, ndani ya nini, na mashine gani?

Tena, juu ya mionzi, tuwaonye vijana. Kuna watu wanaopita na kichupa, wanasema ni "zebaki nyekundu" au "urani", inauzwa dola elfu na elfu. Zebaki nyekundu hiyo haiko popote duniani, ni biashara ya wezi. Urani iko kweli katika nchi yetu. Ya Shinkolobwe, kule Katanga, iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Lakini haiuzwi katika kichupa nyuma ya baa. Anayekuuzia anakuibia makuta yako, au anakuletea jela.

Ya pili, zile hesabu. Mvuke: siku 58. Samaki: siku 70 hivi. Mchimbaji akirudi nyumbani Kabondo kwa miezi miwili kungojea mvua ipite, halafu wakamupima, watakuta nusu tu ya ile aliyokuwa nayo chimboni. Wataandika "si mbaya". Si kweli! Walimpima siku isiyofaa. Kwa hiyo siku ya kupima lazima iandikwe, na siku ya mwisho ya kuchoma donge lazima iandikwe pia.

Na jibu likichelewa mwaka muzima, linamsaidia nani? Mama aliyekuwa na mimba siku ile ya chupa, leo mtoto wake ameshazaliwa. Metili-zebaki inapita kutoka kwa mama mpaka kwa mtoto tumboni, na ubongo wa mtoto njo unaoumia zaidi. Jibu la baada ya wiki sita lingeweza kumwambia: acha kuchoma, kaa mbali na moto, badilisha samaki. Jibu la baada ya mwaka ni karatasi tu. Njo maana tunasema kwamba kutorudisha matokeo si kukosa adabu peke yake. Ni kumnyima mtu dawa, juu dawa ya kwanza hapa ni kuacha mapema, na mwili wenyewe unafanya kazi ya kusafisha.

Kuna watu wanasema haiwezekani kurudisha matokeo kwa wachimbaji, eti wanahamahama, hawana adresi. Lakini tumeona inawezekana kuwashughulikia wachimbaji kama watu. Kule Tanzania, katika kijiji cha Rwamagasa, wilaya ya Geita, wachimbaji wadogo walipimwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki, ulioanza mwaka 2002. Waganga hawakuchukua mkojo tu. Walimwangalia kila mtu, walimwambia aandike, atembee, aguse pua yake na kidole. Katika wale wenye kuchoma donge, karibu robo walikutwa wameshaugua zebaki. Na hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu 351 katika Katanga. Mwaka 2009 walitangaza kwamba kobalti kwa wakaaji wa karibu na migodi ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida. Wacongomani walikuwa ndani ya kazi hiyo. Basi akili iko, watu wako.

Tusisahau kwamba mashine ya kwanza ya nyuklia ya Afrika yote, TRICO, iliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Ni zaidi ya miaka 60. Nchi yenye ilikuwa ya kwanza kwa jambo hilo haiwezi kuwaambia wachimbaji wake kwamba kurudisha karatasi moja Bafwasende ni jambo gumu.

Wenzetu wengine wana woga mwingine, na hatutaki kuudharau. Wanasema: "Wakikuta sumu kwa damu yangu, PDG atanifukuza shimoni." Na wauza samaki wanasema: "Mukiongea hivyo, nani atanunua?" Na wote wanasema: "Bila mercure, watoto watakula nini?" Tunajibu hivi. Matokeo ni ya mtu mwenyewe, si ya PDG, na sendika itasimama na yeyote atakayefukuzwa kwa sababu ya mkojo wake. Samaki ni nyama yetu, hatumwambii mtu aache samaki. Tunasema samaki wadogo ni bora kuliko wale wakubwa wenye kula wenzao kama mbenga, zaidi kwa mama mwenye mimba na kwa watoto. Na juu ya zebaki, hatusemi iachwe kesho asubuhi. Lakini Mkataba wa Minamata, wenye ulianza kazi mwaka 2017, unataka kuondolewa kwa mambo mawili yenye tunaweza kuyaacha hata leo bila kupoteza gramu moja ya dhahabu: kuchoma donge wazi bila kifuniko, na kuchoma donge katikati ya nyumba za watu.

Kuna chungu cha chuma chenye kufungwa, na bomba linaloingia ndani ya maji. Unachomea donge ndani yake, mvuke unapoa, zebaki inarudi kuwa maji, unaitumia tena. Mwenye kukitumia ananunua zebaki kidogo kuliko jirani yake. Hata kwa hesabu ya mfuko peke yake, ni faida.

Kwa hiyo, sisi wa sendika, tulikubaliana mambo haya Jumapili, na tunayaandika hapa ili kila mtu ayashike.

Kuanzia sasa, hakuna chupa itakayotoka chimboni bila alama yake: namba, siku, kazi ya mtu, na siku yake ya mwisho ya kuchoma. Orodha itaandikwa mara mbili, moja inakwenda na wageni, moja inabaki kwetu. Mukanda wa kutia sahihi utasomwa kwa Kiswahili na kwa Lingala mbele ya wote, na utasema ni mashine gani, inatafuta nini, na ni kitu gani haiwezi kuona. Utasema pia tarehe ya kurudisha jibu, isizidi miezi mitatu. Kila mtu atapewa bahasha yake imefungwa, na munganga atakuwepo wa kumwelezea. Tunaomba Chuo Kikuu cha Kisangani kikae upande wetu katika kazi hiyo, wanafunzi wake wengi ni watoto wetu. Tunaomba SAEMAPE na Divisheni ya Migodi ya jimbo wakubali kwamba bila bahasha hizo, wapimaji hawataruhusiwa kuja mara ya pili.

Kwa wale waliochukua chupa 42, tunawaambia bila hasira: muko na majina yetu kwenye mikanda yenu. Sisi pia tumeandika majina ya wale 42 upya, tukikumbuka mmoja mmoja. Wawili wamehama, mmoja amefariki. Mama wawili wamezaa. Wengine wote wako bado chimboni au hapa Kabondo, na wanangojea. Hata kama matokeo ni mabaya, yaleteni. Hata kama chupa ziliharibika njiani juu ya joto, semeni hivyo, tutakojoa tena.

Na kwako mama unayesomewa ukurasa huu na mtoto wako wa shule: leo jioni, kama kuna donge la kuchoma, litoke nje ya jikoni, liende mbali na nyumba, mahali upepo unapeleka moshi kwenye pori. Mtoto asiende nalo. Hilo halingojei mashine wala matokeo ya mtu yeyote.